Gari la kwanza la kijana: ufunguo ubaki kwa mzazi

Mtoto akishafikisha umri wa leseni wazazi wanaanza kuulizana, tumnunulie gari au tumwache kwanza. Wapo wanaosema kama uwezo unao mnunulie, kwani unatafuta hela za nini kama sio kwa ajili ya watoto. Wengine wanasema hapana, atafute hela yake, alinunue kwa jasho lake ndo atalithamini. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu na naona wanabishana kuhusu hela, wakati hela sio jambo kubwa hapo. Kwangu mimi jambo kubwa ni ufunguo unakaa kwa nani.

Kijana anayeendesha gari la nyumbani lazima aje aombe. Anakuja anasimama mlangoni, "Mama naomba ufunguo", na hapo hapo maswali yanaanza, unaenda wapi, unaenda na nani, mnarudi saa ngapi, mafuta yapo? Anakujibu huku macho yake yapo kwenye simu, unamwambia weka hiyo simu pembeni unijibu vizuri. Ni mazungumzo mafupi sana lakini mpaka yanaisha umeshajua kwamba safari ni ya usiku, kwamba gari litajaa vijana wenzake, na kwamba mmoja wao ni yule asiyejua kukaa kimya, na bado una nafasi ya kusema leo hapana, nitawapeleka mwenyewe. Siku ukimpa gari la kwake mazungumzo hayo yanakufa. Hakuna mtu aliyeyakataza, ila hayana tena sababu ya kutokea, manake ufunguo umo mfukoni mwake na wewe unasikia tu injini imewaka.

Na hii sio hofu ya mama tu. Mwaka 2009 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa sekondari wa huko wanaoendesha magari. Wale ambao gari lilikuwa kama lao, yaani wanalichukua muda wowote, walikuwa wamepata ajali zaidi ya mara mbili ya wale waliokuwa wanatumia gari moja pamoja na familia, na walikuwa wanaongoza pia kwa kukimbiza gari na kutumia simu wakiwa wanaendesha. Mwaka huo huo jarida hilo hilo likatoa matokeo mengine, kwamba vijana ambao wazazi wao wanaweka masharti na kufuatilia, lakini kwa upendo na sio kwa ukali tu, ajali zao zilikuwa nusu ya wale ambao wazazi wao hawajishughulishi. Ukiyaweka pamoja hayo mawili picha unaipata. Kijana anayejua kuna mtu nyumbani anayejua aliko, anaendesha tofauti.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kila mwaka, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 ndo sababu ya kwanza ya vifo duniani. Sababu ya kwanza jamani. Tunawachanja, tunawalaza kwenye neti, tunawakagua marafiki zao mmoja mmoja, afu kwenye hili la kwanza kabisa tunafunga utepe mwekundu kwenye boneti tunapiga picha.

Hapo kwenye neno zawadi ndo mi nakataa kabisa. Zawadi ukishaitoa huna mamlaka nayo, na mtoto anajua hivyo. Umempa gari kwa kufaulu mtihani, baada ya wiki chache unamwambia usiku usitoke nalo, anakuuliza kwani sio langu? Na ana haki ya kuuliza, wewe ndo umemwambia ni lake. Kwanza kufaulu hesabu na kujua kukata kona kwenye barabara iliyolowa ni vitu viwili tofauti kabisa, sijui nani alitufundisha kulipia kimoja kwa kingine.

Watu wanafikiri tatizo la vijana ni utundu. Utundu upo ndio, ila sehemu kubwa ni ugeni tu. Binti yangu ni mtulivu, mwangalifu, pengine kuliko mimi. Usiku wa kwanza ameendesha mvua inanyesha nilikuwa nimekaa pembeni yake, taa za gari lililokuwa linakuja mbele yetu zikapiga kwenye kioo chenye maji, kioo chote kikawa cheupe, akaniambia "Mama sioni mstari" na mguu wake ukaenda kwenye breki moja kwa moja, wakati nyuma yetu kulikuwa na lori. Nikamwambia usikanyage kwa nguvu, toa mguu kwenye mafuta, angalia ukingo wa barabara upande wako, usiziangalie zile taa. Akashika ukingo wa barabara, gari likapungua taratibu, lori likatupita. Hicho kitu hakuna darasa la udereva lililomfundisha, manake masomo yote yalikuwa mchana kweupe. Angekuwa peke yake kwenye gari lake angejifunza peke yake, na barabara haina subira na anayejifunza.

Kuna nchi zimeelewa hili zikaliweka kwenye sheria. New Zealand walianza mwaka 1987 kutoa leseni kwa ngazi, unaanza ya kujifunza, unapata ya masharti, mwishoni ndo kamili. Kwenye ile ya masharti huruhusiwi kuendesha peke yako kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, na kubeba abiria bila dereva mzoefu pembeni pia kumezuiliwa, isipokuwa wachache kama mwenzi au watoto wako. Marekani jimbo la Florida likaanza 1996 na majimbo mengine yakafuata. Sasa kama unaishi sehemu ambayo sheria haina ngazi, mtoto anapita mtihani leo na kesho anaruhusiwa kusafiri usiku kucha na gari limejaa, basi ngazi uziweke wewe nyumbani, na huwezi kuziweka kama ufunguo sio wako.

La abiria naomba nikae nalo kidogo kwa sababu wazazi wengi hawalijui. Tunajisikia vizuri tukisikia hayuko peke yake, yuko na wenzake. Taasisi ya AAA ya usalama barabarani ya Marekani mwaka 2012 ilitoa hesabu za madereva wa miaka 16 na 17: akiwa na abiria mmoja mwenye chini ya miaka 21 na hakuna mtu mzima, hatari ya dereva huyo kufa inapanda kwa asilimia 44 ukilinganisha na akiwa peke yake. Wakiwa wawili inakuwa mara mbili, wakiwa watatu au zaidi inafika kama mara nne. Lakini akikaa mtu wa miaka 35 na kuendelea hatari inashuka kwa asilimia 62. Yaani wewe ukikaa tu hapo pembeni, hata ukiwa umenyamaza, unamlinda. Na gari la kwake ndo linakuwa gari la kundi zima, kila mwenye safari anampigia yeye, ni kijana gani wa umri huo anaweza kuwaambia wenzake hapana? Ukiwa umemwekea masharti wewe, anapata cha kusingizia, "mama amekataa" inamtoa kwenye mengi.

Simu nayo ni hivyo hivyo. Kwenye spidi ya 80 gari linatembea kama mita 22 kila sekunde, kwa hiyo ukisoma ujumbe kwa sekunde tano umepita zaidi ya mita 100 huangalii mbele, ni urefu wa uwanja wa mpira. Mweleze kwa namba, vijana wanaelewa namba kuliko kelele zetu.

Sasa hao wanaosema aache anunue kwa hela yake. Nawaelewa, na ni kweli mtu anakitunza alichokitolea jasho. Ila kijana mwenye akiba ndogo atanunua gari gani? Atanunua la bei ya chini kabisa, dogo, la zamani, lenye rangi nzuri na tairi zimeisha. Na sisi wazazi tukinunua tunafanya hivyo hivyo tu, tunasema ngoja aanze na hiki kichakavu cha kujifunzia, akikigonga sio hasara kubwa. Fikiria vizuri hapo. Anayejua kidogo kuliko wote nyumbani ndo anapewa gari linalolinda kidogo kuliko yote, na mimi mwenye miaka mingi barabarani nabaki na lenye mifuko ya hewa kila upande. Hasara tunayoogopa ni ya bati!

Kwa hiyo kama kweli nyumba inahitaji gari la ziada, na kuna nyumba zinahitaji, shule iko mbali, usafiri wa umma hakuna, mzazi anafanya kazi usiku, siwezi kumwambia mtu kama huyo asinunue, basi nunua gari la pili la familia, na ulichague kwa macho ya usalama. Usichukue lenye injini kubwa ya kukimbia, wala kile kigari chepesi kabisa. Tafuta lenye mfumo wa kuzuia gari kuteleza na kupinda, ule kompyuta inashika breki ya tairi moja moja gari linapotaka kuacha barabara. Marekani umekuwa lazima kwa magari madogo mapya tangu toleo la 2012, Ulaya kwa magari yote mapya tangu mwishoni mwa 2014, kwa hiyo hata kwenye mitumba yapo mengi. Ukiwasha switchi, kwenye dashibodi inawaka taa ndogo ya gari lenye michirizi ya kuteleza nyuma, afu inazima. Isipowaka kabisa uliza, na ikiwaka ikagoma kuzima uliza pia.

Afu inama uangalie tairi, na kijana awepo ainame na wewe. Ubavuni kuna maandishi DOT na mwisho wake namba nne, mbili za wiki mbili za mwaka, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata (ile michoro inayoshika barabara) nzuri kabisa kumbe mpira umezeeka umekauka. Namba ya chasisi iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama kiwanda kiliita gari hilo lirudishwe kurekebishwa, manake ile mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata iliyokuwa inapasuka na kurusha vyuma iliwekwa kwenye mamilioni ya magari ya makampuni mengi, na sio yote yamebadilishwa. Mkanda kila siti uvute kwa nguvu uone unakamata, mpaka wa nyuma katikati, kwa sababu hao marafiki ndo watakaa huko.

Gharama za kila siku achangie anachoweza. Sio lazima hela, asiye na kipato hata kuosha gari, kupima oili, kujaza upepo na kukaa kwa fundi siku ya sevisi ni mchango. Kijana aliyemwona fundi anatoa pedi za breki zilizoisha mpaka chuma anaijua breki kuliko aliyehubiriwa mwaka mzima.

Bima msidanganye. Najua kijana akiandikwa bima inapanda sana, na wazazi wengi wanajiandika wao kama dereva mkuu wakati gari analo mtoto kila siku. Uingereza hilo linahesabika kabisa kuwa ni udanganyifu, na hata penginepo kampuni ikigundua siku ya ajali inaweza kukataa kulipa. Sema ukweli nani anaendesha, lipa kilichopo, na kama kinakushinda basi hilo gari bado hamliwezi.

Na kama umeshalinunua, umeshampa, na limeegeshwa hapo nje, usimnyang'anye kwa hasira, ila usiseme ndo basi tena. Kaa naye chini umwambie sababu, mpe na hizo namba za abiria. Miezi ya mwanzo mchana tu, peke yake au na mtu mzima, usiku uanze ukiwa wewe pembeni mpaka umwone anaendesha kwenye mvua bila kushtuka, rafiki mmoja aje baadaye, kundi baadaye zaidi. Akipiga simu usiku kwamba amechoka au amekunywa mfuate, na maswali yangoje asubuhi, akijua atatukanwa hatapiga. Kadi ya gari iandikwe jina lako, ufunguo ukae sehemu moja ndani ya nyumba, na wewe pia ukitoka useme unaenda wapi na unarudi saa ngapi, asione ni polisi kwake peke yake. Akishahamia kwake na kulipa bima yake mwenyewe, mpe kadi aibadilishe jina.