Daktari, Niulize Kwanza Nafanya Kazi Gani

Niligundulika nina presha nikiwa na miaka 38. Muuguzi alinifunga kile kitambaa cha kipimo mkononi, akapima, akakunja uso, akahamia mkono wa pili, akapima tena. Daktari aliziangalia zile namba, akaniandikia vidonge, kisha akanipa maagizo ambayo kila mwenye presha ameshayakariri: punguza chumvi, acha sigara, punguza uzito, fanya mazoezi, usiwe na mawazo mengi, lala mapema.

Lala mapema! Nilikuwa nimekaa mbele yake na buti za kazini miguuni, nimetoka zamu ya usiku moja kwa moja. Kwa miaka minne nilikuwa naingia kiwandani saa moja jioni na kutoka saa moja asubuhi, siku sita kwa wiki. Zidisha mwenyewe: saa 72. Hilo halikuulizwa, na mimi sikulisema, maana sikujua kama saa zangu za kazi ni jambo la kumweleza daktari. Nilidhani hayo ni ya mwajiri wangu na mimi.

Nimekaa na jambo hili moyoni miaka kadhaa, na sasa naliandika kwa uchungu. Tumezoea kuwaambia watu wazima wenye kazi zao kwamba maradhi yao yametokana na "mtindo wa maisha", kana kwamba mtu aliamka asubuhi akaamua kuishi hivyo. Mfuate mtu huyo wiki moja tu. Utakuta mtindo wake wa maisha umebandikwa ukutani kwenye ratiba ya zamu, na aliyeweka sahihi pale chini si yeye.

Mwaka 1700 daktari wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya watu wa kazi mbalimbali. Kilichomsukuma, kwa maelezo yake mwenyewe, ni mtu aliyekuwa akisafisha shimo la choo nyumbani kwake, mjini Modena. Alimwona anafanya kazi kwa haraka ya ajabu, akamuuliza kwa nini asiende taratibu. Yule mtu akamjibu kwamba ambaye hajawahi kuingia humo hawezi kuelewa. Macho yanaungua, na ukizidisha muda unatoka karibu kipofu. Ramazzini akaanza kuwatazama watu wa kazi ile mjini na kukuta wengi macho yao yamekwisha. Ndipo akawaomba madaktari wenzake waongeze swali moja kwenye yale waliyorithi tangu enzi za Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale: unafanya kazi gani? Swali hilo halihitaji mashine wala maabara. Zaidi ya miaka 300 baadaye, fomu niliyojaziwa siku ile ilikuwa na nafasi ya jina, umri, uzito na urefu. Ya kazi haikuwepo.

Turudi kwenye yale maagizo, maana naamini daktari alinitakia mema. Chukua sigara. Mimi sikuwa mvutaji kabla ya zamu za usiku. Pale kiwandani mvutaji akitoka nje dakika kumi hakuna anayemuuliza. Asiyevuta akikaa kitako dakika hizohizo, msimamizi anapita na kumwambia hapa si pa kulala. Baada ya miezi miwili nami nikawa na pakiti mfukoni. Ile sigara ilikuwa kibali changu cha kukaa.

Chukua uzito. Mwili ulionyimwa usingizi huongeza homoni ya njaa na kupunguza ile ya kushiba, na saa tisa usiku hautamani kitu kingine ila kitamu. Wakati huohuo, usiku ndio wakati ambao mwili unashughulikia sukari vibaya zaidi. Kwa hiyo unakula zaidi, kibaya zaidi, kwenye saa mbaya zaidi, halafu unaambiwa huna nidhamu. Na usingizi wenyewe: wanaodhani kulala mchana ni kuuhamisha tu usingizi wa usiku hawajawahi kujaribu mwezi mzima. Saa iliyo ndani ya ubongo inafuata mwanga wa jua, haifuati ratiba ya kiwanda. Unalala kwa muda wa saa tatu au nne tu, unaamka na joto na kelele za watoto, unageukageuka mpaka jioni. Mwaka 2007 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na mwaka 2019 walipitia ushahidi upya wakaiacha palepale.

Mwaka 2021 shirika hilohilo, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, lilitoa hesabu ambayo ilipaswa kubandikwa kwenye kila ofisi ya rasilimali watu. Walikadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Anayefikisha saa hizo, ukimlinganisha na anayefanya kazi saa 35 hadi 40, hatari yake ya kupata kiharusi iko juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Mimi nilikuwa nimeipita hiyo 55 kwa saa 17. Nilipoisoma hesabu hiyo nilinyanyuka nikaenda kukaa nje peke yangu.

Kuna mfano mmoja wa zamani ninaoupenda kwa sababu hauna mtu wa kulaumiwa. Mwaka 1953 mtafiti wa afya wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa kwenye basi moja, njia moja, hewa ileile. Lakini makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva waliokuwa wamekaa. Hakuna aliyesema madereva ni wavivu. Kazi yao ilikuwa kukaa. Leo mamilioni ya watu kazi yao ni kukaa, mbele ya usukani au mbele ya kompyuta, wakitoka hapo mgongo na kiuno vimekakamaa, na simu ya bosi inaingia saa nne usiku. Tunawaambia wapande ngazi.

Sasa niseme la mkono wa mwenzangu, kwa sababu ndilo lililonifanya niache kunyamaza.

Tulikuwa kiwanda cha uchapaji. Mashine ya kukatia karatasi ina kisu kirefu kinachoshuka kama mlango, kinapita kwenye rundo la karatasi nene kuliko kiganja bila hata kusita. Mbele yake kuna vitufe viwili, kimoja kulia, kimoja kushoto. Kisu hakishuki mpaka ubonyeze vyote viwili kwa pamoja, na sababu ni moja tu: mikono yako yote iwe kwenye vitufe, isiwe chini ya kisu. Ni ubunifu wa heshima sana. Aliyeubuni aliwaza vidole vya mtu asiyemjua. Mashine yetu ilikuwa ya zamani, na kitufe cha kushoto kilikuwa kimekandamizwa kwa kipande cha mbao na kuzungushiwa selotepu, ili mkono wa kushoto ubaki huru kusogeza karatasi. Kazi ilikwenda haraka. Idadi ya kila usiku iliandikwa ubaoni, na aliyefanya kwa mikono miwili hakuifikia.

Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Mwenzangu hakuwa amelala vya kutosha mchana ule kwa sababu mtoto wake alikuwa mgonjwa. Alikuwa macho tangu saa nne asubuhi ya jana yake. Hakupiga kelele. Nilichosikia ni mashine kunyamaza mahali ambapo haikupaswa kunyamaza, nikageuka, nikamwona amesimama anauangalia mkono wake kama anayetafuta kitu alichoangusha. Vidole viwili.

Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, jicho na mkono wake hufanya kazi kama za mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Katika nchi nyingi dereva wa kiwango hicho hashiki usukani. Mwenzangu alikuwa anakaribia saa 19, na alikuwa ameshika kisu. Taarifa ya ajali iliandikwa mstari mmoja: chanzo, uzembe wa mfanyakazi. Kile kipande cha mbao hakikutajwa. Wiki iliyofuata tuligawiwa glavu.

Glavu! Chini ya kisu kinachokata rundo la karatasi! Watu wa usalama kazini wana mpangilio wanaofundishwa tangu siku ya kwanza: kwanza iondoe hatari yenyewe, ukishindwa, badilisha kitu cha hatari kwa kisicho na hatari, kisha weka kizuizi kwenye mashine, kisha panga upya kazi na saa zake, na mwisho kabisa, baada ya hayo yote, mvishe mtu vifaa vya kujikinga. Tumeugeuza kichwa chini. Tunaanza na kofia ngumu, buti na bango la "usalama kwanza", kwa sababu hivyo vinamwachia mfanyakazi mzigo wote. Hata kelele za mitambo ya kuchapa ni hivyohivyo. Kiwango kinachokubalika sana ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa nane, na wataalamu wengi wanashauri kila zikiongezeka desibeli tatu muda upunguzwe nusu. Kwa zamu ya saa 12 hesabu imeshaharibika kabla hujafungua pakiti ya vizibo vya masikio. Na chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Najua nitaambiwa kila mtu ana wajibu na mwili wake. Ni kweli. Sigara nimeacha, vidonge nakunywa kila siku, na sitamshauri yeyote asubiri mwajiri abadilike ndipo apime presha. Lakini wajibu unakwenda na uwezo wa kubadilisha kitu. Mimi nina uwezo juu ya chumvi. Juu ya zamu, idadi ya ubaoni na kile kipande cha mbao, uwezo uko kwa mwingine, na huyo hajawahi kuitwa kliniki akaambiwa abadili mtindo wake. Tangu mwaka 2022 mazingira salama na yenye afya kazini yamo kwenye haki za msingi za Shirika la Kazi Duniani, pamoja na marufuku ya kazi za kulazimishwa na utumikishwaji wa watoto. Naomba wasimamizi walisome hilo taratibu. Ratiba ya kibinadamu si zawadi ya mwisho wa mwaka.

Mwaka wa pili wa vidonge nilipata daktari mwingine, mama wa makamo. Kabla hajafunga kipimo mkononi mwangu aliniuliza, "Unafanya kazi gani, baba, na unaingia saa ngapi?" Nilizungumza karibu nusu saa. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika hayo, akaigeuza na kuandika nyuma. Aliniandikia barua ya kupeleka kazini, akieleza kwa nini sipaswi kuendelea na usiku mfululizo. Nilihamishiwa mchana baada ya miezi mitatu ya kufuatilia. Presha haikuisha, ila kidonge kimoja kati ya viwili kiliondolewa.

Kitufe cha kushoto kilitengenezwa baada ya sisi wanne wa zamu ile kukataa kuigusa mashine siku mbili. Fundi alikuja asubuhi, akakwangua selotepu, akafungua kifuniko, akabadilisha kitu kidogo ndani, akafunga. Kazi nzima haikufika saa moja. Idadi ya usiku ilipungua kidogo, wakaiandika ubaoni hivyohivyo, na oda ziliendelea kutoka.