Msitumie sungura wa Profesa De kukatia bajeti

Kila msimu wa kubana matumizi ukifika vyuoni, kwenye kikao hakosi mkubwa mmoja wa kutukumbusha kwamba sayansi ni akili, mashine baadaye. Mfano wake anao tayari: kuna Mhindi mmoja aligundua sumu ya kipindupindu kwa sungura, uzi na bomba la sindano, tena bila fedha za maana. Hapo watu wanatikisa vichwa, mjadala unafungwa, na fungu la maabara linahamia kwenye ukarabati wa jengo la utawala.

Mfano huo ni wa kweli, ila husimuliwa nusu. Na mimi nusu ya kwanza naipenda mno, kwa hiyo nianze nayo.

Mtu mwenyewe ni Sambhu Nath De, aliyezaliwa mwaka 1915 wilayani Hooghly, Bengal. Alisomea udaktari Kolkata, enzi hizo Calcutta, katika chuo cha tiba kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Calcutta. Akaenda London kuchukua shahada ya uzamivu, na mwaka 1949 alikuwa amesharudi, akiongoza idara ya patholojia, yaani ya uchunguzi wa magonjwa, katika chuo cha tiba cha Nil Ratan Sircar. Mwaka 1955 alihamia Calcutta Medical College, akafundisha huko mpaka alipostaafu mwaka 1973.

Kolkata ndiko Robert Koch, mtaalamu wa bakteria kutoka Ujerumani, alikokwenda mwaka 1884 kuthibitisha kwamba kipindupindu kinaletwa na bakteria waliopinda kama alama ya mkato. Koch alihisi kwamba wanatoa sumu. Kwa takriban miaka 70 iliyofuata watu waliisaka sumu hiyo kwa njia ambayo, tukitazama leo, inashangaza: wanawasaga bakteria, wanamdunga mnyama kwenye damu au kwenye uwazi wa tumbo, mnyama anakufa. Lakini haharishi! Alichokufa nacho kilikuwa kitu kingine kabisa, na bado makala ziliendelea kuandikwa.

De alikuwa mtu wa hospitali. Kipindupindu alikiona wodini na kwenye meza ya uchunguzi wa maiti: mtu anakauka kwa saa chache, macho yameingia ndani, ngozi ya vidole imejikunja, na maji yote yametokea utumboni. Sasa kama maji yanatokea utumboni, kwa nini sumu itafutwe kwenye damu?

Kizingiti kilikuwa sungura. Sungura aliyekomaa ukimnywesha bakteria wa kipindupindu haugui. (Wa hadithi zetu angesema ni ujanja wake.) De na mwenzake Chatterje wakazunguka upande wa pili. Sungura anapewa nusukaputi, anafunguliwa tumbo, utumbo mwembamba unavutwa nje. Kinachaguliwa kipande kifupi, kinafungwa kwa uzi ncha zote mbili, lakini mishipa ya damu inaachwa ifanye kazi yake. Ndani ya kipande hicho wanadunga kiasi kidogo cha bakteria. Kipande kingine cha sungura huyohuyo kinadungwa kimiminika kitupu kisicho na mdudu yeyote. Utumbo unarudishwa, tumbo linashonwa. Kesho yake wakifungua, kile cha kwanza kimetuna kama soseji, kimejaa majimaji yanayofanana na yale ya mgonjwa wa wodini. Cha pili kimenywea vilevile.

Hayo yalichapishwa mwaka 1953. Uzuri wa jaribio hili ni kwamba lina jibu la ndiyo au hapana, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kulisoma kwa macho. Mwaka 1956 De alitumia vipande hivyohivyo vya utumbo kuonyesha kwamba hata baadhi ya E. coli, bakteria wengine wa utumboni, waliotoka kwa wagonjwa wa kuharisha wanaweza kuleta majimaji. Kisha ukaja mwaka 1959. Aliotesha bakteria wa kipindupindu, akauchuja mchuzi wao, yaani kimiminika walimooteshwa, mpaka asibaki bakteria hata mmoja, akadunga ule mchuzi peke yake. Utumbo ukatuna. Kwa hiyo kinachomkausha mgonjwa ni kitu ambacho bakteria anakitoa nje ya mwili wake, kemikali ambayo inaweza kukusanywa, kupimwa na kuchunguzwa. Makala ilitoka katika jarida la Nature, fupi tu. Kwa haki, mwaka huohuo N. K. Dutta na wenzake kule Bombay walikuwa wakifikia jambo lilelile kwa kutumia watoto wa sungura.

Mkubwa wetu wa kikaoni huishia hapo, anapigiwa makofi. Kemia ndiyo kwanza inaanza.

Kujua kwamba kuna sumu ni jambo moja. Kujua ni protini gani, ina umbo gani, inamfanya nini mtu, ni kazi inayotaka sentrifuji ya baridi (mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi), vichujio vya kutenganisha protini, chumba cha baridi kisichokatika umeme, na mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu. Idara ya patholojia ya chuo cha tiba, ambayo asubuhi inapokea sampuli za hospitali nzima, kwa kawaida haina hayo. Sumu hiyo ilisafishwa mwaka 1969, huko Dallas, Marekani, na Richard Finkelstein na Joseph LoSpalluto. Miaka kumi baada ya makala ya De, swali lilikuwa limeshahama bara.

Na yaliyofuata ni matamu. Sumu hiyo ina sehemu mbili. Sehemu B ni vipande vitano vilivyopangika duara, kazi yao ni kung'ang'ania mafuta fulani yaliyo juu ya seli ya utumbo. Vikishashika, sehemu A inaingia ndani na kuharibu swichi moja ya seli isiweze kuzimika. Kemikali ya kupeleka ujumbe iitwayo saikliki AMP inapanda, milango ya kloridi inafunguka na kubaki wazi, kloridi inamwagika utumboni, sodiamu na maji vinaifuata. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Seli zenyewe hazijachubuka wala kufa.

Hilo la mwisho ndilo linaloeleza kwa nini pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, inafanya kazi. Mlango mwingine wa seli, ule unaopitisha sodiamu ikiwa imeandamana na glukosi, sumu haiugusi. Mpe mgonjwa chumvi peke yake, itapita utumboni moja kwa moja na kutoka. Mpe chumvi na sukari kwa kipimo, vitaingia pamoja na kuvuta maji. Ndiyo maana tunaambiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja ya maji safi, na ndiyo maana anayeongeza chumvi kwa kudhani anaongeza nguvu ya dawa anamdhuru mtoto. Mwaka 1971 wakimbizi wa vita vya Bangladesh walifurika Bangaon, mpakani mwa India, na dripu zikaisha. Dilip Mahalanabis, daktari mwingine wa Kolkata, aliagiza chumvi na glukosi zichanganywe kwenye mapipa na ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Sisi huku tumo kwenye hadithi hii. Mwaka 2009 watu karibu 24,000 wa Unguja na Pemba walipata dozi mbili za chanjo ya kunywa ya kipindupindu. Ndani ya chanjo hiyo mlikuwa na bakteria waliouawa pamoja na ile sehemu B ya sumu, iliyotengenezwa maabara, na chanjo yenyewe ilitokana na kazi za watafiti wa mji wa Gothenburg, Sweden. Fuata njia: mchuzi uliochujwa Kolkata umefika Pemba kupitia Dallas na Gothenburg, na kila kituo kilibaki na chake, wanafunzi wa uzamivu hapa, kiwanda pale. Kolkata ilibaki na sifa, nazo zilichelewa. Mwaka 1978 De alialikwa Stockholm kwenye kongamano la Nobel kuhusu kipindupindu, akasema mwenyewe kwamba alikuwa maiti tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kamati ya kongamano ndiyo iliyomfukua. Joshua Lederberg, mshindi wa Nobel, alimpendekeza zaidi ya mara moja kwa tuzo hiyo. Hakuipata. Alifariki mwaka 1985 bila hata kuchaguliwa mwanachama wa akademia yoyote ya sayansi ya nchini kwake.

Wahindi wengi wanaumia kwa ajili ya tuzo hiyo, na wana haki. Mimi naumia zaidi kwa ile miaka kumi kati ya 1959 na 1969, kwa kemia ambayo ingeweza kufanywa mtaa wa pili na ikafanywa upande mwingine wa dunia.

Halafu hilo la "bila fedha" si kweli. De alikuwa na chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1857. Alikuwa na shahada ya London, wodi zilizojaa wagonjwa hatua chache kutoka mezani kwake, na cheo cha kudumu kilichomruhusu kulikalia swali moja kwa miaka kumi bila kuandika ombi jipya kila baada ya miezi 18. Alikuwa na sungura, na sungura hula hata Jumapili, wanataka banda, maji na mtu wa kuwafagilia. Watafiti wetu wa leo wangapi wana hata nusu ya hayo? Wengi wanaokota sampuli, wanazigandisha, wanazituma nje kwa ndege, wanarudishiwa jina lao katikati ya orodha ya waandishi 30. Umeme ukikatika usiku na jenereta likagoma, sampuli za mwaka mzima zimekwenda.

Ningepewa fungu moja tu la kugawa, ningelipeleka kwenye mishahara ya mafundi sanifu wa maabara na jenereta la jokofu kabla ya mashine yoyote mpya. Rafiki zangu wa kemia hawakubaliani nami. Wanasema mafundi bila vifaa vya kusafishia protini watabaki kufua koti jeupe, na kwamba Kolkata ya 1959 watu ilikuwa nao, kilichopungua kilikuwa hivyo vifaa. Hoja yao ni nzito kuliko ninavyopenda kukiri, na ningetamani vikao vyetu vya bajeti vigombane juu ya hilo.