Bonfire ni moto wa mifupa

Waulize wajuao Kiingereza neno bonfire, yaani moto mkubwa unaowashwa nje, limetoka wapi, wengi watakujibu upesi kwamba ni "bon" la Kifaransa, lenye maana ya -ema. Basi ni moto mwema, moto wa shangwe. Samuel Johnson mwenyewe, mtunga kamusi maarufu wa Kiingereza, aliliandika hivyo katika kamusi yake ya 1755, na kwa heshima aliyokuwa nayo, nani angembishia? Maelezo hayo ni matamu, lakini si ya kweli, na naona yanatunyima historia nzima.

Kamusi ya Kiingereza na Kilatini ya 1483, Catholicon Anglicum, ina neno "banefyre", na tafsiri yake ya Kilatini ni "ignis ossium": moto wa mifupa. Ni "bone" lile lile la mfupa. Matamshi yalifupika, tahajia ikafuata, mifupa ikasahaulika.

Aliyetuachia picha kamili ni mtawa John Mirk wa Lilleshall, katika jimbo la Shropshire, mwishoni mwa karne ya 14. Katika mahubiri yake ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, mwezi Juni, anataja mioto mitatu: wa mifupa mitupu bila kuni, wa kuni tupu bila mifupa, na wa vyote viwili. Ule wa mifupa haukuwashwa kwa ajili ya mwanga. Kilichotakiwa ni uvundo. Iliaminika kwamba msimu wa joto majoka huruka angani na sumu yao hudondokea kwenye maji ya watu, na hakuna kitu ambacho majoka hayo huchukia kama harufu ya mifupa inayoungua. Aliyewahi kupita nyuma ya machinjio siku ya kuchoma mabaki ataelewa kwa nini hata joka lingekimbia.

Baadaye neno hilo hilo lilitumika kwa moto wa kuteketezea wazushi wa dini na vitabu vilivyopigwa marufuku. Kisha ikaja Novemba 5, 1605, njama ya Wakatoliki wachache ya kulilipua Bunge kwa baruti ilipofichuka, na watu wa London wakawasha mioto barabarani kushangilia kunusurika kwa Mfalme James wa Kwanza. Mwaka uliofuata sheria iliifanya siku hiyo kuwa ya shukrani, na haikufutwa hadi 1859.

Nenda Lewes, kusini mwa Uingereza, usiku huo wa Novemba. Misalaba 17 inayowaka hupitishwa mitaani, kila mmoja kwa ajili ya Mprotestanti aliyechomwa akiwa hai mjini humo kati ya 1555 na 1557. Mwanafunzi aliyefundishwa "moto mwema" ataitazamaje misalaba ile? Nawaomba walimu wa Kiingereza waache kufundisha asili hiyo ya Johnson, na mwanafunzi akiuliza, waanze na mahubiri ya Mirk.