Kanisa la Nairobi na Uchovu wa Mzazi

Kila ninapozungumza na wazazi wenzangu wa Nairobi wanaolea watoto wenye mahitaji maalum, huniuliza kama huku Uingereza kuna afadhali. Mtoto ana afadhali huku, hilo silifichi. Mzazi ni suala jingine, na ninaamini kabisa kwamba Nairobi ingeweza kumtunza mzazi vizuri kuliko nchi hii tajiri, iwapo makanisa yetu yangepunguza kumhubiria na yakazidisha kumpokea mtoto wake ili naye apate kupumzika.

Mwanangu ana usonji. Asubuhi za shule basi dogo humchukua mlangoni pamoja na msaidizi anayemfahamu, na mpango wake wa elimu, afya na malezi una nguvu ya kisheria chini ya Sheria ya Watoto na Familia ya mwaka 2014. Mpango wa namna hiyo unaweza kuendelea hadi kijana afikishe miaka 25. Kungoja ni kwingi, na zile wiki 20 ambazo sheria inaziweka kwa ajili ya kuukamilisha mara nyingi hupita. Hata hivyo, mtoto anahesabiwa kuwa mwenye haki, na hakuna ofisa anayemuuliza mama yake alimkosea nani.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba sheria ya England inamtambua hata mzazi kuwa kiumbe anayechoka. Tangu mwaka 2011 halmashauri zina wajibu wa kutoa huduma za kuwapumzisha walezi wa watoto wenye ulemavu, na mzazi anaweza kuomba mahitaji yake yeye mwenyewe yatathminiwe. Ofisa wa ustawi wa jamii aliponiuliza huwa ninalala saa ngapi kwa usiku mmoja, nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu tangu mtoto azaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, si hospitalini, si nyumbani, wala kanisani.

Nairobi nayo haikosi sheria. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kupata elimu, vituo vya kuwapima watoto kabla ya kuwapeleka shule vipo tangu mwaka 1984, na mpango wa serikali wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa familia inayolea mtu mwenye ulemavu mkubwa. Lakini rafiki yangu wa mtaa wa Umoja, ambaye binti yake ana mtindio wa ubongo na sasa amekuwa mzito kubebwa, anakaa ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Siku ya mazoezi ya viungo humbeba mgongoni hadi chini, akarudi juu kuchukua kiti cha magurudumu, huku mtoto akiwa ameachwa kwa mama wa kibanda cha mboga. Kwenye matatu, kondakta akikubali kuwachukua, hudai nauli ya kiti hicho kana kwamba ni abiria. Zile shilingi 2,000 hazifiki mbali hata kwenye nepi peke yake.

Mama huyu akifika Misa, binti yake hupiga sauti kipindi cha mageuzo, padri anapoweka wakfu mkate na divai, watu hugeuka, na mhudumu huja kumnong'oneza kwamba atoke nje kidogo. Hutoka. Baada ya Misa huja maneno ya kumfariji, nayo ndiyo yanayomchosha kuliko ngazi: kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba, kwamba avumilie, kwamba aende kwenye kesha la mhubiri fulani aliyewahi kuinua viwete, kwamba huenda kuna jambo katika ukoo linalohitaji toba. Wanaosema hivyo si wabaya, na wengi wao wanampenda kwa dhati. Lakini mama anayeambiwa kila Jumapili kwamba anaweza kuubeba mzigo hapati nafasi ya kusema kwamba umemshinda. Tena mtoto asipopona baada ya kesha, lawama ya imani haba humwangukia mama, kwa kuwa haiwezi kumwangukia mtoto wala mhubiri. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, Yesu aliulizwa waziwazi kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake, naye akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Jibu hilo lingepaswa kusomwa katika kila parokia yenye mzazi anayenong'onezwa.

Nisieleweke kwamba ninaidharau sala. Bila sala nisingefika hapa. Ninachokosa huku ni watu. Waumini wa parokia yetu ni wapole, husalimia mwanangu kwa jina, kisha kila mmoja huingia garini kwake, na kuanzia hapo hadi Jumapili inayofuata hakuna anayebisha hodi. Halmashauri inaweza kumlipa mlezi wa saa chache, lakini haina uwezo wa kuniletea mtu wa kukaa nami jikoni tukaongea kwa lugha yangu.

Rafiki yangu anao watu hao. Binti yake alipolazwa kwa ajili ya degedege, kina mama wa jumuiya yake ya kanisa walipangiana zamu bila kuambiwa na padri: mmoja alileta uji kwenye chupa ya chai, mwingine alilala kwenye benchi la wodi ili mama mtu akaoge na kubadilisha nguo. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliokutana Nairobi mwaka 1973 walitaka maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, na nadhani walikuwa na usiku wa namna ile akilini. Tatizo ni kwamba sisi ni hodari wa dharura, yaani wodi, matanga na harambee, ilhali ulemavu ni wa kila siku. Baada ya wiki mbili zamu huisha, sala zikabaki peke yake. Na wakati huo ndipo sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, huanza kumjia mama, naye akiitaja huambiwa aongeze maombi, ingawa anahitaji pia mshauri nasaha, pengine na dawa.

Kwa hiyo nimemwandikia mwenyekiti wa jumuiya yao. Sikuomba mchango. Nimeomba kila Jumapili watu wawili, ikiwezekana mmoja wao awe mwanamume mwenye nguvu za kumshusha mtoto ngazi, wafike kwake saa moja kabla ya Misa. Kanisani wakae na mtoto huyo, na akipiga sauti, wao ndio watoke naye, si mama. Nimeomba pia wahudumu wa mlangoni waelezwe mapema. Mwenyekiti amejibu kwamba ataliweka kwenye ajenda ya mkutano ujao, na rafiki yangu ameshaniambia kwamba anachotaka yeye ni kusikiliza Misa moja hadi baraka ya mwisho akiwa ameketi.