Foleni ya dharura huanzia wodini

Nikija Mombasa likizo, barazani swali ni lile lile: "Huko kwenu Uingereza ukifika hospitali si unatibiwa papo hapo?" Hamna. England wamejiwekea lengo kwamba wagonjwa 95 kati ya 100 wanaofika dharura wawe wameshalazwa au kuruhusiwa ndani ya saa 4. Mara ya mwisho kulifikia ni Julai 2015.

Jirani yangu mzee wa huko Uingereza alilazwa ukumbini, machela imebanwa ukutani, taa hazizimwi usiku kucha, na karatasi yenye namba imegandishwa juu ya kichwa chake kwa plasta. Madaktari walikuwapo, tena wengi. Kilichokosekana ni kitanda, maana huko juu wodini wamo waliokwisha kupona ila nyumbani hakuna wa kuwapokea, wanangoja manispaa iwatafutie mlezi. Wao hawatoki, wa ukumbini hawapandi, na ambulensi inasimama nje na mgonjwa wake ndani.

Sisi hilo la mlezi, alhamdulillahi, halitusumbui sana. Bi mkubwa akiruhusiwa, wajukuu wanagombania nani akae naye. Letu ni bili. Mtu kapona tangu juzi, lakini familia inachangishana kwenye simu, au karatasi za SHA, bima ya afya ya serikali, hazijakamilika (tulidhani NHIF, bima ya zamani, ikiondoka Oktoba 2024 mambo yatanyooka), naye bado amelalia kitanda anachokingojea mwenzake. Na hospitali ya rufaa ya Makadara, Mombasa, inategemewa na kaunti zote 6 za Pwani, Lamu mpaka Taita Taveta.

Ndiyo maana mwanasiasa akiahidi jengo jipya la dharura sishangilii. Ukipanua mlango na wodi ikabaki imejaa, umepanua pa kungojea tu.

Mimi ningeanza na karani wa wodi: daktari akisema huyu kesho anatoka, hesabu na fomu zimalizwe leo, si kesho saa kumi jioni. Halafu zahanati. Nyingi zikishafungwa jioni, mtoto wa Kisauni mwenye homa anavushwa daraja la Nyali akapange foleni na majeruhi wa bodaboda. Zahanati moja tu kila wadi ikae wazi hadi saa nne usiku, iwe na kipimo cha malaria na dawa zenyewe, sio cheti cha kwenda kununua duka la dawa.