Ufunguo wa Kanisa Hautoshi

Kwa miaka mitatu niliabudu katika usharika wa wahamiaji uliopanga jengo la kanisa la wenyeji. Wao walikuwa na ibada asubuhi, sisi saa nane mchana. Karibu na mlango wa jikoni palibandikwa karatasi: viti visihamishwe, vyombo visitumike, vipaza sauti vizimwe saa kumi na moja. Kila Jumapili mzee wetu mmoja aliwahi kwenda kupokea ufunguo, na kila Jumapili alikabidhiwa pale mlangoni, wenyeji wakiwa wameshika mikoba yao tayari kuondoka. Ugomvi haukuwepo na salamu zilikuwa nzuri. Ila kwa miaka yote hiyo sikumwona mwenyeji aliyebaki mpaka ibada yetu ikaisha, wala sisi hatukuitwa kwenye kikao chao hata kimoja.

Siku hizi makanisa mengi yanazungumza kwa bidii juu ya huduma kwa wahamiaji. Nafurahi, lakini namna tunavyotajwa humo inaniuma. Mhamiaji ni mtu wa kupokea: blanketi, darasa la lugha, Biblia. Aliyewahi kushuka kituoni katika mji asioujua, akakuta mtu wa kanisa anamsubiri, hawezi kuudharau msaada huo. Mimi siudharau. Lakini kwa makadirio ya kituo cha utafiti cha Pew, mwaka 2020 asilimia 47 ya wahamiaji wote duniani walikuwa Wakristo. Anayebisha hodi huenda ni mwinjilisti, au mwalimu wa shule ya Jumapili aliyeacha darasa lake alikotoka. Nani kamuuliza?

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 11. Waliotawanywa na dhiki iliyotokea baada ya kifo cha Stefano walifika Antiokia, na baadhi yao, watu wa Kipro na Kirene, wakaanza kusema na Wagiriki habari za Bwana Yesu. Hata majina yao hatukuachiwa. Kisha ruka hadi sura ya 13 uwatazame viongozi wa kanisa hilo: Barnaba wa Kipro, Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio wa Kirene, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli, ndiye Paulo, mzaliwa wa Tarso. Karibu wote ni watu wa kuja. Hao ndio waliofunga na kuomba, wakawawekea mikono Barnaba na Sauli na kuwatuma. Wageni walikuwa ndani ya chumba ambamo uamuzi ulifanyika. Tukisoma haraka tunaona safari ya Paulo tu, chumba chenyewe tunakipita.

Ndivyo ilivyokuwa pia Herrnhut, kijiji cha Ujerumani. Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, waliokimbia mateso ya dini, walianza kukijenga katika ardhi ya kabaila Mkristo aitwaye Zinzendorf, huko Saksonia. Mambo hayakuwa laini, waligombana kweli kweli. Mwaka 1727 Zinzendorf aliacha shughuli zake za serikali mjini Dresden akahamia kwao, akakaa nao mpaka wakapatana. Miaka 5 tu baadaye, kijiji hicho cha wakimbizi kilituma wamisionari wake wa kwanza kisiwani St. Thomas, katika Karibi, kwa watu waliokuwa utumwani. Mwaka 1891 Wamoraviani, yaani kanisa lililotokana na wakimbizi hao, walikuwa wamefika Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania ya leo.

Nirudi kwenye jengo letu. Mama mmoja wa kwetu alihitaji ushauri wa ndoa kutoka kwa mchungaji mwenyeji. Lugha ya pale hakuijua, akaja na binti yake wa miaka kumi amtafsirie. Mimi nilikuwa kwenye benchi nje ya ofisi. Walipotoka, mama alikuwa analia. Mtoto hakulia, alikuwa amekaza macho sakafuni huku akikunja na kukunjua pindo la sweta lake. Mambo ya baba yake alikuwa ameyatamka kwa kinywa chake mwenyewe, sentensi kwa sentensi. Na kwenye kwaya yetu walikuwepo muuguzi na mwalimu wanaozijua vizuri lugha zote mbili! Wangekuja kwa furaha. Hawakuitwa kwa sababu palipopangwa huduma ya ushauri hapakuwa na mtu wa kuwataja.

Sisi nasi tuna la kujibu. Tunaishika lugha ya nyumbani kama nguzo, na kwa wazee ni nguzo kweli, maana kuna maombi ambayo mtu hawezi kuyaomba kwa lugha ya kujifunza ukubwani. Lakini watoto wetu wanakaa viti vya nyuma wakisubiri mahubiri yaishe, halafu tunalalamika kwamba ughaibuni umewaharibu. Tuwasomee walau somo moja kwa lugha wanayoiotea ndoto. Zaburi haitapungua.

Kwa wenyeji wetu nina ombi moja. Kikao kijacho cha baraza la wazee kikipangwa, waiteni wawili kutoka ibada ya mchana, wawe na kura kama wengine. Waiteni kabla bajeti haijafungwa. Na awepo mkalimani, mtu mzima.