Saa 24 za kuripoti uvamizi: zinaanza kuhesabiwa lini?

Sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao ya 2018 ikitajwa, watu wanarukia mambo ya kuposti, nani atashikwa kwa kuandika nini, na ni haki yao. Lakini kifungu cha 40 hakina anayekisema, na ndicho kitakachowafikia vijana wanaosambaza waifai mitaani huku Mombasa: Kisauni, Bamburi na Likoni. Ukiendesha mtandao, wa umma ama wa binafsi, wadukuzi wakiuvamia lazima uiarifu kamati ya taifa ya kuratibu mambo ya makosa ya mtandao ndani ya saa 24. Usipofanya hivyo faini ni hadi shilingi 200,000 au jela hadi miaka 2, ama vyote pamoja.

Mimi naunga mkono lazima hiyo. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, iliposhambuliwa nchi nzima iliona, lakini mashambulizi mengi hayaonekani hivyo, kampuni inanyamaza kulinda jina na wezi wale wale wanahamia kwa jirani. Halafu rauta (vifaa vya kugawa intaneti) za msambazaji mdogo zikitekwa zinatumika kushambulia wengine, kwa hivyo hawezi kusema ni shida yake peke yake.

Sasa mwangalie huyo kijana mwenyewe. Ana wateja kama themanini, antena juu ya ghorofa ya mtu, fundi mmoja ambaye ndiye anapanda nguzo na ndiye anashika simu za "mbona neti iko chini". Wavamizi wameingia Ijumaa usiku kwa paswadi ya kiwandani ambayo haikubadilishwa, yeye anashtuka Jumatatu watu wakilalamika intaneti nzito. Kifungu kinahesabu saa kutoka shambulio lenyewe, manake ameshavunja sheria kabla hajajua kuna kitu! Sheria ya kulinda data ya 2019 angalau inatoa saa 72 tangu ujue. Na data ya wateja ikiwa imevuja basi ana ripoti mbili, kwa ofisi mbili, ya kamati na ya kulinda data, kila moja na makataa yake, na ripoti ya kamati inataka akadirie watu wangapi wameathirika na madhara yake. Kampuni kubwa ina mawakili na watu wa kukesha, yeye ana nani?

Tena kamati yenyewe mwenyekiti wake ni katibu wa usalama wa ndani, na ndani yake mna polisi, jeshi na ujasusi. Najua usalama wa taifa hauwezi kuachiwa watu wa kompyuta peke yao, na sisi wa Pwani baada ya Shakahola, ambako waumini walifunga hadi kufa, hatuhitaji kuelezwa mafundisho mabaya yanaua vipi, ila marekebisho ya Oktoba 2025 yameipa kamati hiyo hiyo uwezo wa kuagiza tovuti ifungwe, zikiwemo zinazoeneza mafundisho kama hayo, na mtu mdogo akiona hivyo hapigi simu. Ataiflashi rauta, yaani aifute irudi kama mpya, aweke paswadi mpya, anyamaze, na ushahidi wote umefutika.

Muungano wa Ulaya kwenye NIS2, sheria yao ya usalama wa mtandao, wamepanga vizuri zaidi: tahadhari fupi ndani ya saa 24 tangu ujue, maelezo saa 72, ripoti kamili mwezi mmoja. Nasi tuhesabu tangu mtu ajue, ripoti ya kwanza iwe mistari mitatu tu inayotumika kwa kamati na kwa watu wa data, na anayejileta mwenyewe asifunguliwe kesi kwa kuchelewa. Jela ibaki ya aliyejua akaficha.